Mazoezi ya dakika 12 kwa mtu ambaye siku yake imeshajaa

Mi nimeanza mazoezi mara nne na mara tatu kati ya hizo nikaacha, kwa hiyo kwenye kuacha nina uzoefu karibu sawa na kwenye kuanza. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, nikalipia jimu miezi mitatu kwa mpigo kisa kulikuwa na punguzo, nikaenda mara tano. Tano tu. Jimu yenyewe haikuwa mbaya, ila ilikuwa upande ambao mi sipiti, na mtu anayetoka kazini Kariakoo saa kumi na mbili jioni anawaza kufika kwake Kimara, hawazi kuzungukia Mwenge kwanza. Mara ya pili nikajiunga na jogging ya mtaani, Jumapili alfajiri, tisheti za sare, filimbi, nyimbo, nikakimbia kilomita nane siku ya kwanza kwa aibu ya kuachwa nyuma, Jumatatu yake nikawa nashuka ngazi za kazini ubavu ubavu kama kaa, sikurudi tena. Mara ya tatu nikadanganywa na simu, kuna aplikesheni inasema dakika nne tu kwa siku zinatosha kukubadilisha, nusura nitapike sebuleni.

Hizo dakika nne ngoja nizisemee kidogo maana bado zinawatesa watu. Zinaitwa Tabata, jina la mtafiti Mjapani Izumi Tabata, ambaye mwaka 1996 alitoa utafiti wa watu waliopiga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 20, wanapumzika 10, wanarudia. Wale walikuwa vijana wenye miili iliyozoea michezo na walikuwa wanasukumwa mpaka wanaishiwa kabisa. Sio wewe uliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi.

Kilichonifanya nisiache mara ya nne, na sasa unaenda mwaka wa pili, ni kitu kimoja tu, nilipanga mazoezi kwa ajili ya siku mbovu. Siku nzuri unaijua, umelala mapema, umeme upo, mtoto haumwi, hamna mvua, bosi hajapiga simu usiku. Siku kama hiyo hata bila mpango utafanya. Sasa chukua siku yako mbovu kuliko zote ya wiki iliyopita, ile uliyofika nyumbani saa tatu umelowa, ujiulize ni zoezi gani ungeweza kulifanya siku hiyo bila kujichukia. Hilo ndo la kuanzia. Kama jibu ni dakika mbili basi ni dakika mbili.

Muda wenyewe unautoa wapi? Usitafute saa nzima, huna, tusidanganyane. Tafuta mahali ambapo kila siku unasubiri kitu. Kuna wanaosubiri ndoo ijae bombani, kuna wanaosubiri wali ukauke, kuna wanaosubiri watoto wavae. Mi ni chai. Kwetu chai ni ya maziwa na tangawizi, sufuria ya watu sita, naibandika kwenye gesi saa kumi na moja kasoro na nikiweka moto wa kati inachukua kama dakika 12 mpaka 13 kupanda juu. Zamani hizo dakika nilikuwa nasimama jikoni naangalia simu, status za watu, hasara tupu. Sasa hivi nikiwasha gesi mwili wenyewe unajua, na faida nyingine huwezi kuondoka ukarudi kulala, chai itamwagika na jiko litachafuka na utaulizwa.

Kama unawaza dakika 12 ni utani, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, na juu ya hapo siku mbili za kukaza misuli. Zamani miongozo yao ilitaka kila kipande kifike walau dakika kumi ndo kihesabike, ule wa mwaka 2020 wakakiondoa hicho kipengele. Maana yake ngazi za ghorofa ya nne unazopanda kwa sababu lifti mbovu zinahesabika, na mwendo wa kwenda kituoni unahesabika ukiwa mwendo kweli. Mi hesabu yangu iko hivi: chai mara tatu kwa wiki, 36, jioni natembea dakika 25 siku tano, 125, jumla 161. Sijagusa jimu.

Haya, tuingie kwenye zoezi. Vitendo ni vinne na usiongeze cha tano mpaka miezi mitatu ipite, maana ugonjwa wetu ni kuangalia video kila siku na kubadilisha. Kila kitendo sekunde 40, unapumzika 20, unaenda kingine, ukimaliza vyote vinne ni dakika nne yaani raundi moja. Raundi tatu ni 12.

Cha kwanza ni skwati, kuchuchumaa na kusimama. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu karibu kila mtu anaikosea. Chukua kiti cha plastiki kiegemeze ukutani kisiteleze, simama mbele yake ukiwa umekipa mgongo, miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Sasa usianze kwa kukunja magoti, anza kwa kupeleka makalio nyuma, kama vile umeme umekatika na unatafuta kiti gizani kwa makalio, hujui kilipo. Ukigusa kiti usikae, gusa tu na unyanyuke. Visigino visiache sakafu, ukiona vinanyanyuka ujue umeenda mbele badala ya nyuma. Magoti yafuate vidole, yasiingie ndani yakabusiana. Na kushuka kuwe polepole, hesabu moja, mbili, tatu, kupanda ndo haraka. Mi nilikuwa najisifu napiga hamsini, mtu akaja akaniambia shuka kwa hesabu tatu, ya kumi na mbili nikawa natetemeka. Ukizoea unaondoa kiti na unashuka chini zaidi. Kichurachura cha kuruka wakikuambia kataa kwanza, ile tulipewa shuleni kama adhabu na magoti ya mtu mzito hayajaisahau.

Cha pili pushapu. Hapa kiburi weka pembeni, hasa wanaume. Anza na ukuta. Simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili wote unyooke kama ubao kuanzia kisigino mpaka kichwa, shuka mpaka pua ikaribie rangi ya ukuta, sukuma. Ukiweza kupiga 15 safi bila kiuno kulegea, hama ukuta nenda kwenye meza nzito au dirisha lenye kizingiti imara (meza ya plastiki usithubutu, itakukimbia), baadaye ukingo wa kitanda, baadaye sakafu. Mi kutoka ukutani mpaka sakafuni ilinichukua miezi minne na sioni aibu kusema. Wapo wanaoanza sakafuni siku ya kwanza, wanapiga sita za kuyumba tumbo limegusa chini, wanaumia bega, basi.

Cha tatu ni kuvuta, na hiki ndo watu wa mazoezi ya nyumbani wanakisahau kabisa, wanasukuma tu kila siku halafu wanashangaa mabega yanakuja mbele. Chukua dumu la lita tano, lijaze maji mpaka juu, hilo ni kilo tano na kitu. Lijaze kweli, ukiliacha nusu maji yanacheza na kukuvuta upande. Inama kidogo mkono mmoja umeegemea kiti, mgongo unyooke, vuta dumu kutoka chini mpaka kwenye mbavu, kiwiko kiende nyuma kama unawasha jenereta la kamba, ila polepole. Sekunde 20 kulia, 20 kushoto. Likiwa jepesi nenda lita kumi. Mtaani vijana wamemwaga zege kwenye makopo ya rangi wakachomeka bomba katikati na wana miili kuliko watu wa jimu za kulipia, kwa hiyo usiniambie hamna vifaa.

Cha nne ni planki, lala kifudifudi, jinyanyue kwa viwiko na vidole vya miguu, kaza tumbo na makalio, tulia. Ukishindwa sekunde 40 weka magoti chini. Usizuie pumzi tu, wengi wanajikuta wamebana mpaka macho yametoka.

Sasa sikiliza, wiki ya kwanza na ya pili fanya raundi moja tu. Najua utajisikia kama hujafanya kitu, utajisikia unaweza mbili hata tatu, na ndo hapo watu wanapoharibu. Wiki hizo mbili kazi yako sio kupata misuli, ni kuzoesha mwili kwamba ikiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gesi ikiwashwa kuna kitu kinafanyika. Wiki ya tatu na ya nne raundi mbili. Mwezi wa pili ndo tatu. Siku za katikati mwili unapumzika, misuli inajijenga ukiwa umelala na sio ukiwa unaitesa.

Maumivu ya kesho yake na kesho kutwa ni kawaida, nyama za paja zinauma ukikaa chooni, hasa vyoo vyetu vya kuchuchumaa utajuta, ila yanaisha ndani ya siku tatu nne na safari ya pili yanapungua. Tofautisha na maumivu ya kwenye kiungo, ya kuchoma, upande mmoja, goti limevimba, hapo acha, usikaze. Na kama una presha, sukari, moyo, ujauzito, au ukipanda ngazi kifua kinabana, pita kwanza kwa daktari umwambie unachotaka kufanya. Wa sukari mnaotumia sindano au vidonge msifanye tumbo tupu alfajiri bila kuongea na daktari, inaweza kushuka ghafla.

Kutembea. Mi jioni nikitoka mjini zamani nilikuwa nashuka Kimara mwisho nachukua bodaboda kuingia ndani, buku. Nikaiacha. Naanzia hapo kwa mguu, dakika 25, na kama siku ni nzuri nashuka Korogwe kabisa, kituo kimoja kabla. Kwa mwezi elfu ishirini inabaki mfukoni, na ndo hela niliyonunulia raba. Mwendo wake usiwe wa kusindikiza mgeni. Kipimo ni hiki, uweze kuongea na simu lakini usiweze kuimba, ukiweza kuimba ongeza mwendo. (Wale wa jogging wanaimba huku wanakimbia kwa sababu mwendo wao kwa mazoezi waliyonayo ni mwepesi, mi ndo nilikuwa sijui, nikadhani wote tunateseka sawa.) Hatua elfu kumi kwa siku usizipe kichwa, hiyo namba ilianzia Japani miaka ya 1960 kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa. Ukipata sita elfu wakati zamani ulikuwa unapata mbili umepiga hatua, kihalisia kabisa.

Kwa wadada na wamama najua kutembea peke yako saa mbili usiku au saa kumi na moja alfajiri ni habari nyingine, sio kila mtaa una taa na sio kila mtaa una adabu. Mke wangu hatembei jioni, yeye anatembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi akimpeleka mtoto shule, kwenda anavutwa na mtoto anachelewa, kurudi ndo anakaza. Zoezi la dumu anafanya chumbani na dera lake, nafasi inayotakiwa ni ya mkeka mmoja. Majirani wataongea tu. Mi wiki ya kwanza nimevaa bukta natembea haraka mzee mmoja kaniuliza baba fulani unafukuzwa na nani, nikacheka nikapita, wiki ya tatu hakuna aliyejali.

Raba, kama unatembea na kufanya haya ya ndani, huhitaji za laki mbili. Mtumba wa Karume unatosha ila jua kuchagua. Shika mbele na nyuma ukunje, raba nzuri inakunjika pale vidole vinapoanzia, ikikunjika katikati kama chapati iache. Bonyeza soli kwa kidole gumba ubavuni, ikiwa ngumu kama ubao ujue imekaa sana, sponji imekufa hata kama juu inang'aa. Na jaribu jioni, mguu unakuwa umevimba kidogo, ile ya asubuhi itakubana. Ndani nyumbani peku inatosha.

Siku mbovu sasa, hii ndo roho ya mpango wote. Umeamka umechelewa, chai haipikwi leo. Umerudi saa tatu. Hapo unafanya kitu kinaitwa kwangu "hudhuria tu": skwati kumi, pushapu kumi za ukutani, na nguo ulizovaa, dakika mbili hazifiki, halafu unaweka alama kwenye kalenda. Nina kalenda ya ukutani ile wanayogawa madukani mwisho wa mwaka, nimeitundika jikoni karibu na gesi, siku kamili napiga tiki, siku ya kuhudhuria naweka nukta. Mwezi wa tano mwaka jana mvua na hesabu za kufunga mwezi zilinikuta pamoja, kalenda yangu ina nukta saba na tiki tano. Kwa mpango wangu wa zamani ule mwezi ndo ningeachia. Ukikosa kabisa, hata nukta, yametokea, safari inayofuata usilipize. Watu wanakosa Jumatatu halafu Jumatano wanapiga raundi sita kama wanalipa deni la mangi, Ijumaa hawanyanyuki.

Ramadhani nahamisha, chai ya alfajiri inakuwa daku na hamna muda, kwa hiyo nafanya baada ya tarawehe, raundi mbili na maji ya kutosha. Nikisafiri kwenda msibani au harusini Tanga ni nukta tu, nani atabeba dumu.

Kitambi. Najua wengi mmesoma mpaka hapa mnasubiri kitambi. Hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake, sitapu mia kwa siku zitakukaza misuli iliyoko chini ya kitambi na kitambi kitabaki juu yake kimetulia. Kinachokishusha zaidi ni sahani. Mi sikufunga kula wala sikunywa maji ya ndimu, niliacha soda ya mchana, chupa moja ina sukari kama vijiko nane tisa vya chai, na chipsi mayai ya usiku nikaifanya ya Jumamosi. Pia ile supu na chapati tatu baada ya jogging, ndugu zangu, umekimbia nusu saa umekula ya masaa mawili. Mkanda ulirudi matundu mawili ndani ya miezi mitano, kilo zenyewe zilishuka nne tu, kwa hiyo usipime kwa mzani kila asubuhi utakata tamaa bure.

Jumamosi ya pili ya mwezi serikali ilishatangaza tangu 2016 kuwa ya mazoezi, na Dar ukienda Coco alfajiri Jumamosi yoyote utakuta watu wamejaa kuanzia ufukweni mpaka daraja la Tanzanite. Nenda, ni raha, hewa nzuri, ila ihesabu kama nyongeza, usiihesabu kama mpango, maana mpango unaotegemea Jumamosi moja huwa unakufa harusi ya kwanza ikitokea. Na ukifika usimfuate kijana anayekimbia kama Simbu, yule aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 kukimbia ndo kazi yake.

Kuhesabu muda tumia saa ya simu, iweke mbali kidogo usije ukafungua meseji. Mi simu niliiacha, ananihesabia mtoto wa mwisho, ana miaka sita, anakaa kwenye kigoda na kikombe chake anasubiri chai. Tatizo lake ni moja, akiona baba anatetemeka anahesabu thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na saba, thelathini na nane, mpaka chai ipande.